Bunduki Mpya Yenye Sura ya Kale

Chama chetu cha Michezo ya Kuigiza kimetangaza kwamba muhula ujao kitaonyesha mchezo juu ya Vita vya Maji Maji. Tangu siku hiyo wanafunzi wengi wamenijia karakanani na swali moja: bunduki tutazipata wapi? Jibu lake ni fupi: tutazichonga kwa mti. Lakini liko swali la pili, gumu kuliko hilo, nalo ndilo nitakalolieleza hapa kwa faida ya wanafunzi, na ya wazazi watakaokuja kutazama. Bunduki iliyochongwa juzi, ambayo bado yanuka ubao mbichi, tuifanyeje ili mtazamaji aamini kwamba imebebwa na kutumiwa miaka thelathini au arobaini?

Huenda mtu akasema, "Kuna haja gani? Huu ni mchezo tu, na kila mtu ajua kwamba ule ni mti." Kweli, kila mtu ajua. Lakini mtazamaji aingiapo ukumbini huwa tayari kusahau kwa muda wa saa mbili yale ayajuayo, mradi tusimkumbushe sisi wenyewe. Na habari tutakayomwonyesha si ya mzaha. Vita vile vilianza mwezi wa Julai, 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vikaendelea hadi 1907. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria kwamba waliokufa walikuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja 250,000 hata 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Katika shule yetu wako wanafunzi waliotoka Ruvuma, Lindi na Morogoro, ambao wazee wao wa zamani walikuwamo katika mambo hayo.

Sasa fikirini mpiganaji aingiapo jukwaani akikabili mtutu wa bunduki, akiamini kwamba dawa aliyopewa itazigeuza risasi kuwa maji. Kama bunduki inayomlenga inang'aa vanishi mfano wa mguu wa kiti kipya, watoto walioketi mbele watacheka. Wakicheka wakati ule, mchezo umekwisha, na watu waliokufa kweli watakuwa wamechekwa nasi.

BUNDUKI ZA NAMNA MBILI

Kabla ya kushika msasa sharti tujue twaiga kitu gani. Katika mchezo huu ziko bunduki za namna mbili, na uzee wake haufanani.

Ya kwanza ni gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Magobore yaliingia katika nchi hii kwa wingi katika karne ya 19, kwa njia ya Unguja na miji ya pwani, pamoja na biashara ya pembe za ndovu. Mengi yalikuwa silaha zilizoachwa na majeshi ya Ulaya baada ya kupata bunduki bora zaidi. Basi hata siku yaliponunuliwa bara kwa mara ya kwanza, yalikuwa yamekwisha kuwa makuukuu. Tena, mwaka 1890 mataifa makubwa yalipatana mjini Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini zile za gumegume, ambazo mtutu wake hauna mifuo ndani, ziliweza kuruhusiwa. Kwa hiyo katika mwaka 1905 mwanakijiji mwenye bunduki aghalabu alikuwa na gobore, na wenziwe wengi walikuwa na mikuki, pinde na mishale tu.

Gobore la gumegume hufanya kazi hivi. Mpigaji hutia baruti kwa mdomoni mwa mtutu, kisha risasi, akashindilia kwa mdeki. Halafu hutia baruti kidogo katika kisahani kilicho ubavuni mwa mtutu. Akivuta kifyatulio, jiwe la gumegume hupiga kipande cha chuma, cheche huangukia kisahani, baruti ile huwaka nje, na mwali wake hupenya katika tundu dogo hadi ndani. Magobore ya fataki yalikuja baadaye: badala ya jiwe, nyundo ndogo hupiga fataki, nayo ndiyo iwashayo baruti. Kwa namna zote mbili moto na masizi hutokea hapo ubavuni, karibu na mkono na uso wa mpigaji. Likumbukeni jambo hili, maana litatufaa karakanani.

Ya pili ni bunduki ya askari wa Serikali ya Kijerumani. Hiyo ni Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi ya kipenyo cha milimita 11, nayo hujazwa kwa nyuma, kiasi kimoja kimoja. Huko Ujerumani jeshi lilikuwa limekwisha kupata Mauser ya mwaka 1898. Hapa kwetu, hata vita ya mwaka 1914 ilipoanza, kampuni nyingi za askari zilikuwa zingali na ile ya 1871, ambayo hutoa wingu la moshi kila ipigwapo. Basi bunduki ya askari nayo ilikuwa ya zamani. Lakini ilikuwa mali ya jeshi. Ilifutwa, ikatiwa mafuta, ikakaguliwa na mkubwa. Tena kiasi chake cha shaba huziba nyuma ya mtutu wakati baruti iwakapo, kwa hiyo mti ulio karibu na mtambo hauungui.

Hapo tunazo habari mbili tofauti. Bunduki moja imezeeka ikiwa na jeshi zima la kuitunza, vipuri na mafuta tele. Ya pili imezeeka ikiwa na mwenyewe na fundi wa kijiji tu. Mtazamaji wa mstari wa mwisho, hata kama hasikii neno lolote, yafaa aone tofauti hiyo kwa macho kabla mchezaji hajafungua kinywa.

UZEE HUKAA WAPI

Katika michezo mingi ya shule watu huipaka bunduki nzima matope na rangi nyeusi kuanzia kitakoni hadi mdomoni. Inayopatikana hapo ni bunduki mpya iliyochafuka. Uchafu huoshwa kwa maji ukaondoka, lakini uzee hauoshwi, kwa kuwa umekwisha kubadili umbo la kitu chenyewe.

Mfano mzuri uko nyumbani kwenu. Chukueni jembe la mama au la bibi, mlitazame kwa utulivu kana kwamba hamjapata kuliona. Mahali mkono unaposhika, mpini umekuwa laini na mweusi, tena unang'aa kwa jasho na mafuta ya ngozi. Mahali pasiposhikwa, mti umekauka na kuwa wa kijivu. Karibu na chuma mna mikwaruzo iliyojaa udongo wa zamani. Aghalabu pembe moja ya jembe imelika kuliko ya pili, kwa sababu mwenyewe hulima kwa kuelekea upande mmoja. Mtu mwenye macho aweza kulisoma jembe hilo, akakuambia mengi juu ya mwenyewe bila kumwona.

Basi mbele ya kila bunduki yetu tutauliza maswali manne. Mkono ulishika wapi? Kitu hiki kilipumzishwa wapi? Kiligongwa na nini? Nani alikuwa akikifuta? Tukiyajibu, tutajua mahali pa kugusa, na mahali pa kuacha, ambalo ni jambo kubwa vilevile.

Tuyajibu sasa kwa gobore. Mkono wa kuume hushika shingo ya kitako, nyuma ya kifyatulio. Hapo pawe laini, peusi na pa kung'aa. Mkono wa kushoto hushika mti ulio chini ya mtutu; pawe vivyo hivyo, lakini si sana. Msafiri huibeba bunduki kwa mkono mmoja mahali inapolingana uzito, mbele kidogo ya mtambo. Hapo kingo zote zimelika. Akisimama huweka kitako chini. Basi kisigino na ncha ya kitako vimechubuka, vimeviringika, na mna michanga iliyoingia katika nyufa. Shavu la mpigaji hugusa ubavu wa juu wa kitako, pamelainika. Mdomo wa mtutu umesuguliwa na mdeki ukang'aa kwa ndani, na kwa nje una masizi. Na kando ya kisahani, pale moto uwakapo, mti umeungua na kuingia ndani kidogo, na chuma kina vishimo vya kutu, maana masizi ya baruti huvuta unyevu, nao unyevu huleta kutu.

Bunduki ya askari ina majibu mengine. Kutu haionekani, ila labda kidogo sana katika pembe ambazo kitambaa hakifiki. Chuma ni cheusi katika mabonde na cheupe katika kingo, kwa sababu ya kufutwa na kufutwa tena. Kirungu cha mtambo wa nyuma kinang'aa kuliko sehemu zote, kwa kuwa kiganja hukipiga kila kiasi kinapotiwa. Mti ni mweusi kwa mafuta, una makovu ya kugongana na bunduki nyingine, lakini hauna ufa ulioachwa bila kutengenezwa. Na kuungua kwa moto kando ya mtambo hakuna kabisa. Atakayetia alama ya moto hapo ataonyesha kwamba hajui bunduki ile hupigwaje.

KAZI YENYEWE

Mti. Msonobari huchongeka upesi na ni mwepesi. Mninga una rangi nzuri yake wenyewe, lakini ni mgumu zaidi na bei yake ni kubwa. Sisi tutatumia mabaki ya msonobari yaliyosalia katika kutengeneza meza. Mtutu nao utakuwa mti mzima, ulioviringishwa kwa randa na msasa, wala hautatobolewa ila kishimo cha sentimita mbili mdomoni, kitakachopakwa rangi nyeusi. Mwanafunzi yeyote asipendekeze bomba la chuma. Bomba likitiwa katika kitako ni nusu ya safari ya kutengeneza gobore la kweli, na magobore ya namna hiyo yamekata vidole vya watu na kuwapeleka wengine gerezani. Bunduki yetu iwe kitu ambacho hata mwizi akikiiba hawezi kukipiga.

Gobore la mtindo wa Kiingereza wa zamani lilikuwa na urefu wa karibu sentimita 140 na uzito wa kilo nne na nusu hivi. Mauser waliyokuwa nayo askari ilikuwa fupi kidogo, karibu sentimita 124. Msonobari mtupu hauna uzito huo, na mchezaji akiibeba bunduki kama anayebeba fimbo, kazi yetu yote ni bure. Kwa hiyo tutatoboa kitako na kutia vipande vya chuma chakavu, kisha tuzibe.

Hatua ya kwanza ni kuvunja kingo. Bunduki mpya ina kingo kali kila mahali. Tumieni tupa, kisha msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, lakini mahali pale tu tulipopataja. Kingo nyingine ziachwe. Tofauti kati ya ukingo uliolika na ukingo mkali ulio karibu nao ndiyo impayo mtazamaji habari.

Hatua ya pili ni makovu. Tungeni funguo nzito katika kamba mpige mti ovyo ovyo. Vingirisheni kitako juu ya changarawe. Burueni ubavu mmoja juu ya saruji kwa kiasi kidogo. Msipige kwa chombo kimoja tu, maana makovu yatafanana, na maisha hayampigi mtu kwa fimbo moja. Tena mbadilishe mkono na mwelekeo. Fanyeni kazi hii kabla ya kutia rangi. Kovu jipya ni jeupe na kovu la kale ni jeusi. Rangi ikija baadaye itaingia katika makovu na kuyazeesha. Mwisho kabisa wa kazi mwaweza kuongeza mikwaruzo miwili mitatu iliyo myeupe, iwe ya jana.

Hatua ya tatu ni rangi ya mti, na hapa wanafunzi wa kemia watakuwa nyumbani. Chukueni nusu lita ya siki nyeupe, mtie ndani yake kibunda cha sufi ya chuma ile ya kusugulia masufuria, kilichokwisha kuoshwa kwa sabuni, mkiache siku mbili au tatu. Chombo kisizibwe kabisa, kwa sababu asidi ya siki ikila chuma hutoa hewa ya haidrojeni, na chupa iliyozibwa yaweza kupasuka. Wala pasiwe na moto karibu. Chujeni kwa kitambaa. Pembeni chemsheni majani ya chai, vijiko vitano vikubwa katika nusu lita ya maji, mpaka chai iwe chungu isiyonyweka.

Pakeni mti chai kwanza, uachwe ukauke, kisha pakeni maji yale ya siki. Katika dakika chache mti mweupe utageuka kuwa wa kijivu, kisha hudhurungi iliyokolea. Sababu yake ni kwamba chai ina tanini, na tanini ikikutana na chuma kilichoyeyuka hufanya kitu cheusi. Ndiyo sababu kisu cha chuma hugeuka cheusi kikikata ndizi mbichi, na ndiyo sababu msumari huacha doa jeusi katika ubao wenye unyevu. Wino wa kuandikia uliotumika Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Msonobari una tanini kidogo, ndipo tunaupa chai. Mti wenye tanini yake wenyewe hauhitaji. Jaribuni kwanza katika kipande cha ubao, kwa kuwa rangi hii ikishaingia haitoki.

Hatua ya nne ni mng'ao wa mikono. Pakeni rangi ya viatu ya kahawia, na nyeusi kidogo juu yake, katika shingo ya kitako, chini ya mtutu na mahali pa shavu. Sugueni kwa kitambaa, kisha kwa kiganja kitupu, kwa muda mrefu. Katika sehemu nyingine pakeni nta kidogo tu, mfute. Vanishi isiguswe kabisa. Taa za jukwaani zikiangukia vanishi, mtutu na kitako hung'aa pamoja kama kioo.

Hatua ya tano ni chuma kisicho chuma. Mtutu wa mti upakwe gundi nyeupe iliyopunguzwa maji, mara tatu, ukisuguliwa kwa msasa laini kila ukaukapo, ili mishipa ya mti isionekane. Halafu upakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Ukikauka, kwangueni penseli laini mpate unga wake, mchovye kidole, msugue juu ya weusi ule. Mtashangaa: mti utapata weupe wa baridi wa chuma kilichofutwa. Unga huo ni grafiti, ingawa wengi huuita risasi ya penseli, na hiyo ndiyo risasi pekee itakayoruhusiwa katika bunduki zetu. Bunduki ya askari ipate grafiti nyingi katika kingo zake. Gobore lipate kidogo, mdomoni na mahali pa mkono tu.

Kutu ya gobore twaipata bila kununua. Udongo mwekundu ulio nyuma ya bweni ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichoshikana na hewa ya oksijeni, na kutu nayo ni chuma kilichoshikana na oksijeni na maji. Kwa hiyo ukoo wao ni mmoja, na rangi zao zapatana. Chekecheni udongo uliokauka kwa kitambaa cheupe, mchanganye na gundi iliyopunguzwa maji, mguse kwa ncha ya brashi kando ya kisahani, chini ya pete za mtutu na mahali ambapo mdeki huingia. Mara moja futeni sehemu ya juu kwa kidole, ili kutu ibaki mabondeni. Pale ambapo mkono hupita kila siku kutu haikai. Mkiitia hapo mmesema uongo. Kando ya kisahani ongezeni masizi ya chini ya sufuria, nayo myasugue hadi yaingie katika mti.

Hatua ya sita ni kwa gobore peke yake: matengenezo. Silaha iliyokaa mbali na kiwanda chake huvunjika, na mahali ivunjikapo mara nyingi ni shingo ya kitako, kwa kuwa hapo mti ni mwembamba. Fundi wa kijiji alikuwa na dawa nzuri sana: ngozi mbichi. Ngozi hulowekwa, ikashonwa ingali mbichi kuzunguka ufa. Ikikauka hunywea na kukaza kuliko kamba yoyote. Nasi tutafanya hivyo kwa kipande cha ngozi ya mbuzi kilichoanikwa juani hata harufu ikaisha, kisha kikalowekwa upya. Katika mitutu miwili tutazungusha waya wa shaba nyeupe badala ya pete iliyopotea. Mambo hayo madogo ndiyo yaelezayo mengi. Mtu hafungi ngozi kwa uangalifu namna hiyo juu ya kitu asichokithamini.

Mwisho wa yote, bunduki ipelekwe jukwaani, taa ziwashwe, nawe ukaketi mstari wa nyuma kabisa. Utaona kwamba nusu ya kazi yako imepotea: mikwaruzo midogo haionekani, na hudhurungi mbili ulizozitofautisha kwa taabu zimekuwa moja. Usikate tamaa. Rudi ukaongeze weusi penye weusi na weupe penye weupe. Kutia chumvi kwa ajili ya umbali ni halali jukwaani. Linalokatazwa ni kuhamisha alama mahali pake.

MIPAKA YA KAZI HII

Yamebaki maneno mawili ambayo wazazi wana haki ya kuyasikia.

La kwanza ni juu ya ukweli. Alama za uzee ni ushahidi. Mwanahistoria akiokota kitu cha zamani, huzisoma alama zake kama msomavyo barua. Nasi tunajifunza kuiandika barua hiyo kwa mkono wetu. Jukwaani hakuna anayedanganyika, kwa kuwa mtazamaji ameingia akijua yuko mchezoni. Lakini bunduki hiyo hiyo ikitoka nje, akapewa mgeni na kuambiwa kwamba ni silaha ya mpiganaji wa 1905, tutakuwa tumemwibia fedha yake, na jambo lililo baya zaidi, tutakuwa tumetia shahidi wa uongo katika historia ya watu ambao mashahidi wao wa kweli ni wachache. Kwa hiyo kila bunduki, kabla ya kuzeeshwa, itapigwa chapa ya moto chini ya kitako: neno MCHEZO, jina la shule na mwaka. Chapa hiyo iingie ndani ya mti, isiwe ya rangi inayofutika.

Tena iko faida ambayo huenda wengi hawakuitazamia. Aliyejifunza kuzeesha kitu ndiye ajuaye kukitambua kilichozeeshwa. Akionyeshwa "kitu cha kale" atatazama kama makovu yote yametoka katika chombo kimoja, kama kutu imekaa mahali pa mkono, kama mti umelika mahali ambapo hapana sababu ya kulika. Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi huishia penye ukingo ambao alisahau kuuliza nani aliushika. Mwanafunzi atakayepata nafasi ya kufika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, au Makumbusho ya Maji Maji yaliyoko Songea, asipite mbio mbele ya vitu vya zamani akisoma vibao tu. Asimame ajiulize yale maswali manne.

La pili ni juu ya usalama. Tukifaulu, bunduki zetu zitaonekana za kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Mpita njia, au polisi wa doria usiku, hawezi kujua kwa mbali kwamba mtutu ule ni msonobari, wala hatuwezi kumlaumu kwa kutojua. Basi zitahesabiwa na kufungiwa stoo kila baada ya mazoezi. Hazitatoka nje ya uzio wa shule ila zikiwa ndani ya gunia na mwalimu akiwapo. Hakuna atakayemwelekezea mwenzake mtutu kwa mzaha, na hata jukwaani mlengaji ataelekeza kando kidogo ya mwenzake. Mtazamaji hawezi kuona tofauti. Atakayevunja sharti hili ataondolewa mchezoni, hata kama yeye ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote.

Karakana itakuwa wazi kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Kila mwanafunzi aje na kitambaa kikuukuu na penseli laini. Siki na chai zitatolewa na Chama. Kwa wazazi nina ombi moja. Aliye na mpini wa jembe, mchi, kinu au kigoda kilichotumika miaka mingi, na awe radhi kutuazima, amkabidhi mwanawe atakaporudi shuleni muhula ujao. Tutakiweka juu ya meza ya karakana, wanafunzi wakitazame na kukichora kabla ya kugusa bunduki yoyote. Kitarudi nyumbani kama kilivyokuja, bila kuongezewa uzee.